Pazia la Blanketi

Gari la kaka zake Otto lilikufa njiani, na habari ilipomfikia Valda tayari ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kesho yake mke wa Otto alikuwa anazikwa Tjilkarra, mwendo wa nusu siku kwa barabara ya vumbi, na Otto mwenyewe alikuwa bado hapa mjini, amekaa kwenye baraza ya wanaume ya nyumba ya Valda, mikono katikati ya magoti, chai yake imeshapoa.

Jina la marehemu halitatajwa. Kwetu mtu akifa jina lake hupumzishwa pamoja naye, na wewe msomaji hulihitaji ili uelewe yaliyotokea.

"Babu," Valda alimwita, "umekula?"

Kwa miaka Otto angeweza kuwa mwanawe. Lakini kwa hesabu za ukoo wetu alimwangukia upande wa babu, na babu na mjukuu ni watani. Siku nyingine angemjibu, mjukuu wangu, nani atakuoa na uso huo, na Valda angemtupia kitambaa cha vyombo. Siku hiyo alitikisa kichwa tu.

"Walisema watanipitia Jumatano," alisema. "Nimekaa kando ya barabara tangu Jumatano."

"Na hukuja kuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba kaka zangu hawaji? Wangefika nyuma yangu, ningeuweka wapi uso wangu?"

Jumatano hiyohiyo Valda mwenyewe alikwenda Tjilkarra na gari la nyumba, akipeleka magodoro na unga kwenye kambi ya msiba, na nafasi ilikuwepo tele. Hakumchukua Otto kwa sababu alisikia kaka zake wanamfuata. Kumbeba ndugu aliyefiwa ni haki ya ndugu zake, huwezi kuwanyang'anya. Alimwona pale kando ya barabara, akampungia mkono, akapita.

Nyumba anayoiendesha Valda watu huiita Nyumba ya Wenyewe. Ipo ng'ambo ya mto, na mto wetu hauna maji; una mchanga, na juu ya mchanga wanalala watu waliokuja mjini kwa ajili ya hospitali, au mahakama, au pombe, au kumfuata mwenye mojawapo ya hayo, wakakosa pa kukaa na wakakosa nauli ya kurudi. Zamani walikuwa wakipewa supu na watu wa kanisa fulani, ukumbini, meza moja ndefu. Mara nyingi mama mkwe alikuta amewekewa bakuli mbele ya mume wa binti yake. Kwetu hao wawili hawatazamani, hawasemezani, hawakai mahali pamoja, na wala hawatajani. Basi bibi alikuwa akiinuka na njaa yake anaondoka, naye mkwewe anatoka kwa mlango mwingine, na supu inabaki. Wenye supu wakaandika kwamba watu hawa hawapendi supu.

Ndipo kina mama wa mtoni, Valda akiwa mmoja wao, wakasema inatosha. Walihangaika miaka hadi wakapata nyumba yao, wakaijenga wanavyojua wao: milango miwili, baraza mbili, ukuta mzima katikati. Kila mwaka wanakuja watu wa serikali wenye viatu safi kuuliza kwa nini nyumba ndogo kiasi hiki ina baraza mbili, na kila mwaka Valda anawaeleza, nao wanatikisa vichwa kama watu walioelewa. Hakuna mtu aliyelazimika kuvunja sheria yake ili ale mkate, tangu siku mlango ule ulipofunguliwa. Valda alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia wanawe.

Na sasa Otto alikuwa upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili, siku zote ambazo hakuwa kwenye mashine ya figo, alikuwa Enid, mama yake marehemu.

Kisa chenyewe kilianza na mashine hiyo. Enid aliletwa mjini kwa sababu huko nyumbani mashine hakuna. Binti yake akamfuata ili amtunze. Otto akamfuata mkewe. Watoto wao wawili wakaachwa Tjilkarra kwa mjomba. Walikaa kwa ndugu mpaka ndugu akatishiwa kufukuzwa kwa kujaza watu nyumbani. Waliomba nyumba, wakaambiwa wasubiri, na wakasubiri mtoni, mama mkwe huku kwenye mti wake, mume na mke kule nyuma ya ukingo. Majira ya baridi, yale ambayo maji yanaganda ndani ya ndoo, binti alishikwa na kifua. Walipomfikisha hospitali hapakuwa na la kufanya. Nasema hivi kwa ufupi kwa sababu nikirefusha nitatukana.

Ukoo wa mkewe uliuliza swali moja tu: mume gani anamlaza mke wake mchangani? Jibu la swali hilo kwetu halitolewi kwa mdomo. Mume anakwenda kwenye maziko, anainamisha kichwa mbele ya wakweze, wanampiga wakitaka, wanalia pamoja naye, na jambo linafukiwa pamoja na maiti. Asipokwenda, amekiri. Na aliyekiri hapewi watoto.

"Wakinipiga sawa," alisema Otto. "Nataka wanipige. Wakishanipiga watanipa wanangu."

Valda aliingia ndani akapiga simu. Hospitali walisema gari lao ni la wagonjwa, na Otto si mgonjwa. Mchungaji alishaondoka tangu jana na gari limejaa wanakwaya. Wazee wa kamati ya nyumba, ambao angewauliza la kufanya, wote walikuwa Tjilkarra tayari, kwenye kambi ya msiba, mahali ambapo simu haishiki. Gari la pili la nyumba lilikuwa uani, halina giaboksi tangu mwaka jana. Lilibaki moja, na hilo lilikuwa la Enid: alikuwa atoke kwenye mashine saa sita mchana, apande, afike kabla ya giza, amzike mwanawe asubuhi. Kwenda na kurudi usiku ili kufanya safari mbili hakuwezekani. Barabara ile usiku ni ya ng'ombe na ngamia wa porini, na macho ya Valda, kwa sababu ya kisukari, yalishaacha kuona gizani.

Alisimama jikoni akiutazama ukuta alioujenga kwa mikono yake. Angekuwa mgeni asingekuwa na shida. Angewapakia wote wawili kama magunia, na kosa lingekuwa la ujinga wake. Valda hakuwa na ujinga wa kujifichia.

Alitoka na blanketi mbili na kamba.

"Babu, sikiliza. Utalala nyuma, chini kabisa. Nitafunga hizi katikati. Yeye atakaa mbele na mimi. Hatakuona, nawe hutamwona."

Otto alisogea nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Yule ni mkwe wangu. Hata unyayo wake mchangani naukwepa."

"Najua."

"Atakubali?"

"Hatajua."

"Wewe utajua."

"Mimi nitabeba," alisema Valda. "Una njia nyingine? Niambie, nami niifuate."

Otto alitazama barabara, kule ambako kaka zake walikuwa watokee. Kisha akaingia nyuma ya gari akajikunja kati ya magunia ya unga na sanduku la majani ya chai. Valda alifunga pazia. Alilifunga vizuri, akavuta kila pembe, akalizunguka gari mara mbili kuhakikisha hakuna upenyo. Kwa muda ule mfupi, akilikaza fundo la mwisho, alidhani hilo pazia ni ukuta kama ule mwingine.

Enid alitokea nyumba ya mashine saa sita, mdogo, nywele zimekatwa, udongo mweupe wa msiba usoni na mikononi. Tangu kifo hakuwa ametamka neno. Ndivyo wafanyavyo akina mama wetu waliofiwa; wanaufunga mdomo kwa miezi, wengine mwaka, na kuzungumza kwa mikono. Valda alimshika akampandisha kiti cha mbele, na Enid akamwambia kwa vidole viwili, asante mwanangu. Alikuwa shangazi yake, dada wa baba.

Hapo ndipo alipaswa kumwambia, kabla ya kuwasha gari. Alijiambia atamwambia wakishavuka milima. Walipovuka milima akajiambia atamwambia baada ya daraja.

Aliongea mambo mengine, tena kwa wingi. Aliongea juu ya mbwa wa jirani, juu ya bei ya mkia wa kangaruu, juu ya muuguzi mpya ambaye anawapigia wazee kelele akidhani wote ni viziwi. Enid alitabasamu kidogo hapo, akatoa ishara ya mdomo mkubwa. Valda alicheka kupita kiasi. Aliwasha redio.

Otto alijitahidi, Mungu ni shahidi. Lakini kifua cha mtoni hakimwachi mtu kwa sababu ameombwa, na vumbi la barabara ile linaingia hata kwenye yai. Alikohoa mara moja, akajiziba na mkono.

Ilitosha. Watu hudhani mama mkwe hamjui mkwewe kwa sababu hamtazami. Ni kinyume chake. Mtu unayelazimika kumkwepa maisha yako yote unaujua mwendo wake, harufu ya tumbaku yake, mlango unavyolia akiufungua yeye. Miaka kumi Enid alikuwa akikisikia kikohozi kile kwa mbali na kugeuza njia. Mkono wake uliokuwa hewani, katikati ya kusema kitu, ulisimama. Alivuta kitambaa akajifunika kichwa chote, akagonga mlango kwa kiganja.

Valda alisimamisha gari.

Enid alishuka bila kusaidiwa. Alitembea hatua chache hadi kwenye majani makavu, akakaa chini, mgongo kwa gari, kitambaa usoni. Kisha mikono yake ikaanza kusema, na Valda akamzunguka ili aione.

*Mpeleke.*

"Shangazi, nisamehe. Nisamehe. Hapakuwa na gari jingine."

*Mpeleke. Mimi niache.*

"Nikuache hapa? Nikuache porini kama mbwa mzee? Ni mwanao anayezikwa."

*Nilimzaa. Nimeshamlilia. Watoto wana baba mmoja.*

"Siwezi kukuacha, shangazi. Hata maji huna. Nani atakuokota hapa? Acha kunyoosha mkono barabarani, hakuna gari linalokuja. Siendi naye nikuache wewe umekaa vumbini, usiniombe hilo."

Hilo ndilo alilolisikia Otto. Mikono haina sauti. Nyuma ya blanketi alipata nusu ya Valda tu, na nusu ile ilimtosha kabisa. Mlango wa nyuma ulifunguka. Aliteremkia upande wa pili, uso ameugeuzia milimani, akaanza kutembea kurudi mjini.

Valda alimkimbilia. Alikuwa mnene, viatu vya kandambili, alimfikia akiwa hana pumzi.

"Rudi. Babu, rudi, tutapata njia."

"Amesema nini?"

"Amesema nikupeleke wewe."

Otto alisimama. "Ameshuka kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Mama wa mke wangu amekaa vumbini, ili mimi niende kumzika mwanawe. Nitasimamaje pale kaburini, niambie? Wakinipiga nitasema wananionea?" Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Mpeleke yeye. Mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Siwezi kumtumia maneno."

"Na watoto?"

Otto alitazama viatu vyake, akasema jambo ambalo Valda angetamani asingelisikia. "Usiwaambie nilikuwa garini. Kipigo cha mfiwa nakiweza. Kusemwa kwamba nimepanda gari moja na mkwe wangu, nimelala nyuma ya kiti chake, hilo siliwezi, na yeye litamwua. Watasema mama na mkwe walisafiri pamoja kwenda kuzika. Niapie."

Valda aliapa. Alimpa chupa ya maji, mkate, na koti lake. Otto aliondoka, na hakugeuka nyuma, kwa kuwa kugeuka kungekuwa kumtazama aliyekuwa amekaa kule.

Enid alirudi kwenye kiti chake pale tu mlio wa nyayo ulipokwisha. Hawakusemezana tena njia nzima, wala kwa mikono.

Asubuhi ya maziko ilikuwa na upepo. Watu walikaa chini kwa koo zao, wanawake waliojipaka udongo mweupe wakiwa upande mmoja, wanaume upande wa pili, na kilio kilipanda na kushuka. Kaka zake Otto walikuwepo. Walikuwa wameokotwa na lori la mtu. Pengo la mume lilionekana wazi, mahali patupu karibu na jeneza ambapo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukaa. Watu walikuwa wakipatazama na kuondoa macho.

Templar, mjomba wa marehemu, ndugu yake Enid, alisubiri mpaka kilio kiliposhuka. Alikuwa mzee mrefu, mwenye rungu mkononi, na hakuwa mkali. Valda aliona kwamba rungu lenyewe alilishika kama mtu aliyetumwa. Alitaka Otto aje. Alitaka kumpiga mara moja begani na kumkumbatia.

"Mume yuko wapi?" aliuliza.

"Gari letu lilikufa," alisema mkubwa wa kaka zake Otto. "Hatukumfikia. Si kosa lake, ni letu."

"Lenu lilikufa. La Valda limekuja mara mbili wiki hii, Jumatano na jana, na mara zote mbili tumeshusha mizigo, tumeona nafasi." Templar alimgeukia Valda. "Mwanangu, wewe ni mtu wa Nyumba ya Wenyewe. Hamtudanganyi nyie. Otto alikuja kwako akaomba gari, akanyimwa?"

Kaka zake Otto walimtazama kwa matumaini. Valda angesema ndiyo, aliomba nikamnyima, lawama ingekuwa yake. Lakini wangeuliza kwa nini alimnyima, na nafasi ilikuwepo. Wangeuliza tena na tena mpaka wafike barabarani, kwenye blanketi. Alimtazama shangazi yake. Enid alikuwa amekaa kati ya wanawake, kitambaa usoni. Mama mkwe hamtaji mkwewe mbele ya watu, kwa mdomo wala kwa mkono, na hata angeweza, angesema nini? Kwamba alikisikia kikohozi chake?

Sheria ile waliyoijengea ukuta ili imlinde kila mtu, Valda aliitafutia mlango wa kutokea, na mlango haukuwepo. Alikuwa ameuziba mwenyewe kwa blanketi mbili na kamba. Alimchukia Otto kwa kumwapisha. Alijichukia zaidi.

"Hakuja kwangu," alisema.

"Hukumwona?"

"Sikumwona."

Uso wa Templar ulizeeka pale watu wakitazama. Hakuuliza mara ya tatu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kumwuliza Valda jambo mara tatu. Aliliweka rungu chini, akawaita wajukuu wake wawili waliokuwa wamekaa na ndugu za baba yao, upande wa Otto. Aliwashika mabega akawavusha, akawakalisha nyuma yake, kwa watu wa mama yao. Mmoja wa kaka zake Otto aliinua mkono kutaka kusema, mwenzake akaushusha.

Jeneza liliteremshwa. Wanaume walichukua sepeto.

Baadaye, watu wakinywa chai, yule mtoto mdogo wa kike wa Otto alimfuata Valda penye gari. Alikuwa na nywele zilizokatwa vibaya, kwa haraka. Alichungulia nyuma ya gari, magunia yalikuwa yameshashushwa, akamwuliza kama baba yake yuko mjini, na kama anajua kwamba mama ameshazikwa.

"Nitamwambia nikimwona," alisema Valda.

"Utamwona lini?"

Mjomba wake alimwita, naye akaenda. Jumapili Valda alimrudisha Enid kwenye mashine. Njia nzima alikuwa akipunguza mwendo na kutazama pande zote mbili za barabara, hadi milimani, hadi mjini, hadi kwenye baraza ya wanaume, na kwa wiki nyingi baada ya hapo alikuwa akiuliza mtoni kila asubuhi, lakini Otto hakuwa ameonekana na mtu yeyote.